Mackinnon Road: Mji wa Kupitiwa

Sisi wa Changamwe huona malori yakitoka bandarini usiku na mchana, lakini ni wachache wanaojua yanapita wapi yakishavuka Mariakani. Mjomba wangu ni utingo, na kwa hadithi zake nimependezwa na kimji kimoja cha nyika ya Taru: Mackinnon Road.

Wengi hushangaa mji kuitwa "Road". Kumbe kweli ni jina la njia! Sir William Mackinnon, Mskochi mwenye meli, alikuwa mkuu wa kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati ya kutawala huku mwaka 1888. Mwaka 1890 kampuni ikaanza kutengeneza njia ya mikokoteni ya ng'ombe kwenda Uganda. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 nayo ikapita hapo, katika nyika kavu ambayo hata maji ya wafanyakazi yalibidi yaletwe kutoka mbali.

Mwaka 1947 Waingereza, wakitoka Uhindi, wakaanza kujenga hapo bohari kubwa la jeshi. Miaka michache tu wakaliacha. Ilipofika 1954 pakawa kambi ya kuwafungia walioshukiwa kuwa Mau Mau, wengi wao waliokamatwa Nairobi. Mji mdogo, lakini mizigo uliyobebeshwa!

Kinachosimamisha wasafiri hadi leo ni msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, Mhindi aliyefanya kazi ya reli. Husimuliwa ati karai lake lilielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Amini usiamini, mjomba asema dereva wao hapiti hapo bila kutoa sadaka, na wala si Mwislamu.

Kusimama huko ndiko riziki ya mji, manake msafiri akishuka hununua chai, maji, mahindi. Basi reli mpya ya SGR ilipofunguliwa 2017, vituo vikawekwa Mariakani na Miasenyi. Mackinnon treni inapita tu. Mwaka 2019 serikali ikaamuru makontena yabebwe na treni. Hapa Mombasa watu waliandamana. Kule nyikani, mama wa chai angemwandamania nani? Amri iliondolewa 2022, malori yakapata kazi tena.

Na mji wenyewe una wenyewe wawili: Kwale na Taita Taveta wamevutana miaka mingi kuhusu mpaka upite wapi, na nani akusanye ushuru wa hao wanaosimama.