Jina na Wafuasi Wake

Mwaka jana jirani yetu mmoja hapa Kyebando alipotelewa na mbuzi. Mwanawe, ambaye ni mwanafunzi, akaandika tangazo na kulibandika dukani: "Mbuzi mweupe amepotea." Kabla ya jua kutua waliletwa mbuzi weupe watatu, wala wake hakuwamo. Watu walicheka, bali mama mwenye mbuzi hakucheka, maana mnyama yule ndiye angeuzwa ili kulipa ada ya muhula.

Sarufi ya tangazo haikuwa na kosa. Lakini jina lilitoka na mfuasi mmoja tu. Tukalijenga upya: "Mbuzi jike mweupe, mwenye doa jeusi juu ya jicho la kushoto na pembe moja iliyovunjika, aliyefungwa kamba ya katani shingoni." Tazama kazi ya kila neno. "Jike" laondoa mabeberu wote. Doa lawaondoa weupe watupu. Pembe yamaliza shaka. Mwenzetu mmoja alitaka kuongeza "mzuri wa kupendeza". Tulikataa, kwa kuwa kila mwenye mbuzi humwona wake hivyo.

Jina likiwa refu namna hii, hapana budi kila neno limfuate bwana wake. "Mwenye" lamfuata mbuzi, "jeusi" lafuata doa, "iliyovunjika" yafuata pembe. Ukiandika "aliyevunjika", umemvunja mbuzi mwenyewe! Na kama kuna neno la kumiliki, hilo hukaa karibu na jina, kisha sifa, kisha hesabu: mbuzi wangu weupe wawili.

Hapo ndipo wengi wetu wa Kampala hujikwaa. Kwa Kiganda twasema "embuzi ennene bbiri", sifa na hesabu zikifuata ngeli ya jina lenyewe. Basi mtoto huandika "mbuzi kubwa mbili". Kiswahili sanifu huwapa wanyama upatanisho ule ule wa watu: mbuzi wakubwa wawili. Kamba haina uhai, kwa hiyo ni kamba kubwa mbili. (Nami nilikosa jambo hili miaka miwili mizima, na wino mwekundu wa mwalimu ni shahidi.)

Tangazo la pili lilibandikwa usiku. Kesho yake mbuzi akaonekana upande wa Kanyanya, akila maganda ya ndizi, kamba bado i shingoni.