KUCHAGUA MSHALE NA CHEMBE CHAKE

Akina mama na akina baba wa madarasa ya kisomo, fungueni vijitabu vyenu. Nitasema polepole, nanyi mfuate maneno kwa kidole.

Leo tutazungumza juu ya mshale. Labda mmoja wenu atauliza, "Mtumba ya leo ina ofisi za wizara na barabara za lami. Mshale wa nini?" Ni swali jema. Lakini nchi yetu ya kati ni nchi ya upinde tangu zamani. Wasandawe wa upande wa Chemba ni watu wa upinde. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi wangali wakiwinda kwa upinde hata leo. Tena vijana wengi hupenda kujifunza. Basi, ajifunzaye bila kuelezwa huweza kujitoboa mkono, au kumtesa mnyama bure.

Kwanza tukumbuke sheria. Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mtu haendi porini kuwinda bila kibali. Ukitaka kuwinda, nenda kwanza kwa ofisa wa wanyamapori. Muulize: mnyama gani, mahali gani, kwa silaha gani? Kabla ya hapo, shabaha yako na iwe gunia lililoshindiliwa majani makavu.

Sasa tutazame mshale wenyewe. Una sehemu nne. Wano ni ule uti wa mti. Chembe ni ile ncha ya mbele. Manyoya yako nyuma. Mwisho kuna pengo dogo linaloshika upote, yaani uzi wa upinde.

Tuanze na uti. Watu wa nchi kavu hupenda fito nyembamba zilizonyooka, kama za mkole. Mhadzabe huondoa gome, huupasha uti moto, kisha huunyoosha kwa mikono na meno. Wewe ukinunua au ukipewa, ushike uti na kuupinda kidogo, huku ukiuzungusha. Ukiona ufa, au ukisikia unalia, uvunje na kuutia jikoni. Usiuonee huruma. Uti wenye ufa huvunjika upote unapoachiwa, na kipande chake huingia katika mkono ulioshika upinde.

Pili, urefu. Weka nyuma ya mshale kifuani, nyosha mikono yote miwili mbele, na mshale uwe katikati ya viganja. Ncha ipite vidole vyako. Mshale mfupi ni hatari, maana ukivuta sana chembe hurudi mpaka kwenye mkono wako.

Tatu, ugumu. Upote unapousukuma mshale, uti hujipinda kidogo, kisha hunyooka ukiwa njiani. Uti laini mno kwa upinde wenye nguvu hujipinda kupita kiasi na kwenda kombo. Uti mgumu mno kwa upinde dhaifu nao huenda kombo. Kwa hiyo mshale mzuri wa jirani yako huenda usikufae wewe. Pinde nyingi za Wahadzabe huvutwa kwa nguvu ya kilo 30 hivi. Anayeanza asizifuate hizo. Achukue upinde anaoweza kuuvuta bila kutetemeka, kisha atafute mishale inayoupatana. Na mishale hiyo iwe sawasawa kwa urefu, unene na uzito. La sivyo, hatajua kosa ni la mkono au la mshale.

Nne, manyoya. Kazi yake ni kuuongoza mshale. Wahadzabe hutumia manyoya ya kanga au ya tai, wakiyafunga kwa ukano wa mnyama. Tazama kama yamefungwa barabara, na kama yanapishana kwa nafasi sawa.

Sasa tufike kwenye chembe. Hapa ndipo wengi hukosea.

Kwa mazoezi, tumia ncha nyembamba ya kawaida. Kwa ndege na wanyama wadogo, Wahadzabe hutumia mshale wa mti mtupu uliochongwa ncha. Kwa mnyama mkubwa hutumia chembe cha chuma chenye bapa pana, ambacho huweza kufuliwa kutokana na msumari.

Kwa nini bapa pana? Risasi hupiga kwa kishindo, lakini mshale hukata. Mnyama hufa kwa kutoka damu, mshale ukipita katika moyo au mapafu, nyuma kidogo ya bega. Chembe butu husukuma nyama bila kuikata vizuri. Mnyama hukimbia na jeraha, akafa mbali baada ya siku nyingi. Hupati nyama, naye ameteswa. Hiyo ni aibu kwa mwindaji.

Mwenye upinde mwepesi achague bapa la makali mawili, kwa kuwa huingia kwa urahisi kuliko la makali matatu au manne. Kujua ukali wake, nyosha uzi na kuupitishia bapa polepole. Likikata mara moja, ni kali. Likiusukuma uzi, linoe tena. Kisha simamisha mshale kwa ncha yake juu ya ubao na kuuzungusha. Ukiyumba, chembe kimekaa kombo.

Na sumu? Wahadzabe hupika utomvu wa mimea, na sumu yake husimamisha moyo. Moyo wa mnyama na moyo wa mtoto wako ni moyo tu. Sheria imekataza kuwinda kwa silaha yenye sumu. Usiiguse.

Mwisho, vyembe vyenye makali vikae ndani ya podo, mbali na watoto. Mshale hauna rafiki.

MASWALI
1. Mshale una sehemu ngapi? Zitaje.
2. Kwa nini uti wenye ufa ni hatari?
3. Utajuaje kama chembe ni kikali?

KAZI: Andika majina haya mara tatu: wano, chembe, upote, podo.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.