Samaki na Mboga katika Maji Yale Yale

Nchi ya Uha, penye miji ya Kasulu na Kibondo, ni nchi ya vilima na mabonde, nayo iko juu zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mvua huanza kunyesha mwezi wa Oktoba au Novemba, nazo huendelea hata karibu na Mei. Siku hizo mashamba hujaa mahindi, maharage na muhogo, na mchicha humea hata penye jalala. Lakini Juni ikifika, mvua hukatika. Bustani za vilimani hukauka, na mtu asiye na shamba la bondeni hapati mboga mbichi ila kwa kununua. Samaki nao hutoka mbali. Dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika husafirishwa karibu kilomita 100 kutoka Kigoma hata Kasulu, na kufika Kibondo ni mbali zaidi. Kwa hiyo bei yake hupanda.

Je, yawezekana mtu apate samaki na mboga uani kwake wakati wa kiangazi, kwa maji machache? Yawezekana. Kazi hiyo huitwa akwaponiki, yaani kufuga samaki na kupanda mboga katika maji yale yale, yanayozunguka bila kumwagwa.

Jinsi mambo yanavyokwenda

Samaki wakila, hutoa uchafu, na uchafu huo hutoa sumu iitwayo amonia. Katika tangi lisilosafishwa amonia huzidi, na samaki hufa. Lakini katika kila kokoto lililolowa huweza kukaa vijidudu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, viitwavyo bakteria. Jamii moja ya bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Jamii ya pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo haiwadhuru samaki upesi. Tena ndiyo mbolea ipendwayo na mboga. Basi samaki hulisha bakteria, bakteria hulisha mboga, na mboga husafisha maji ya samaki. Mmoja akikosekana, wote huharibikiwa.

Jambo hili si geni kabisa duniani. Wakulima wa Uchina wamefuga samaki ndani ya mashamba ya mpunga tangu zamani sana. Mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa kitabu kizima cha kuwafundisha watu wafanye akwaponiki ndogo ya nyumbani.

Kujenga

Mtu anayeanza na afanye kidogo. Atafute tangi la lita 1,000, safi, lisilopata kuwekwa dawa wala mafuta. Alizike nusu yake ardhini, maana udongo huzuia maji yasipoe upesi usiku wala yasichemke mchana. Alifunike, ili mwanga uoteshao ukungu wa kijani usiingie sana, na watoto wasije wakatumbukia.

Kisha ajenge sanduku la mboga lenye eneo la mita za mraba 3 na kina cha sentimeta 30, alitandike karatasi nene ya nailoni ili lisivuje. Sanduku liwe juu kuliko tangi, mahali penye jua, tena likae juu ya matofali ya kuchoma yaliyopangwa imara, kwa kuwa kokoto zake peke yake hupita uzito wa tani 1. Kokoto ziwe na ukubwa wa sentimeta 1 au 2, nazo zioshwe mpaka maji yatoke meupe. Kabla ya kuzitumia, achukue chache azidondoshee siki au maji ya ndimu. Zikitoa povu, zina chokaa, nazo hazifai, kwa sababu hubadili maji yakawa mabaya kwa mboga.

Penye umeme, au penye kioo cha kuvuta nguvu za jua, pampu ndogo hupandisha maji kutoka tangini hata kwenye kokoto. Nayo hurudi yenyewe kwa tundu lililo chini ya sanduku, yakianguka kwa kishindo na kuchukua hewa ndani yake. Hewa hiyo ndiyo pumzi ya samaki. Pasipo pampu, mtu huweza kuteka maji kwa ndoo na kuyamwaga juu ya kokoto mara nyingi mchana kutwa. Lakini huyo na apunguze samaki na mboga hata wawe robo tu, maana mkono huchoka na pampu haichoki.

Kungoja

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Mtu akimaliza kujenga, hutamani kutia samaki siku ile ile. Akifanya hivyo, maji yatakuwa mazuri kwa siku chache, kisha amonia itapanda, na asubuhi moja atawakuta samaki wake wakielea matumbo juu. Si ugonjwa wala uchawi. Bakteria walikuwa hawajazaliana, basi.

Kwa hiyo maji yazungushwe kwanza bila samaki, na kila siku yatiwe chakula cha samaki kidogo sana kioze humo, ili bakteria wapate riziki. Katika maji ya vuguvugu kazi hii huchukua majuma 4 hivi au 6. Katika miezi ya baridi hukawia zaidi. Viko vipimo vya kubadilika rangi viuzwavyo kwa ajili ya kupima maji. Amonia na nitriti zikipanda kisha zikashuka karibu na sufuri, na nitrati ikaonekana, maji yako tayari. Haraka haraka haina baraka.

Kulisha kwa hesabu

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba; lakini katika kazi hii kibaba kikifurika huleta hasara. Kila mita ya mraba ya mboga za majani, kama mchicha, sukuma wiki au matembele, huhitaji samaki wale gramu 40 hata 50 za chakula kwa siku. Mita 3, basi, huhitaji gramu 150 kwa wingi. Samaki waliokua hula kwa siku kadiri ya gramu 15 kwa kila kilo ya uzito wao. Kwa hiyo gramu 150 hutosha kilo 10 za samaki, yaani samaki 40 wenye gramu 250 kila mmoja. Wakiwa wadogo hula kidogo, kwa hiyo mwanzoni mboga nazo ziwe chache.

Chakula kinachobaki baada ya nusu saa kiondolewe, kwa sababu kikioza kinakuwa amonia. Maji yanayopungua kwa jua na kwa kunywewa na mboga yaongezwe. Ikiwa ni maji ya bomba yaliyotiwa dawa, yaachwe wazi siku 1 au 2 kwanza. Wala mboga zisinyunyiziwe dawa ya wadudu kamwe. Dawa iuayo kiwavi juu ya jani hutiririka tangini na kuua samaki.

Baridi, na samaki wa kufuga

Perege hupenda maji ya joto la digrii 25 hata 30. Maji yakishuka chini ya digrii 20, hula kwa shida na hukua polepole. Yakifika karibu na digrii 11, hufa. Usiku wa Juni na Julai katika vilima vya Kasulu na Kibondo ni wa baridi, basi siku hizo tangi lifunikwe vema usiku, na chakula kipunguzwe.

Tena liko jambo kubwa kuliko tangi la mtu mmoja. Mito mingi ya nchi hii humiminika katika Malagarasi, ambao bonde lake la Malagarasi na Muyovozi liliandikwa mwaka 2000 kuwa ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania katika orodha ya Ramsar. Katika mto huo yumo perege aitwaye karomo, asiyepatikana penginepo duniani, naye yumo hatarini kutoweka. Samaki mgeni kama sato akitoroka na kuingia mtoni, huweza kumnyang'anya karomo chakula na mahali pa kuzalia, au kuchanganya uzazi naye. Kwa hiyo mfugaji na aulize kwanza ofisi ya uvuvi ya wilaya ni samaki gani wanaoruhusiwa, wala asimwage samaki wala maji ya tangi katika kijito.

Fundisho la mabwawa ya zamani

Ufugaji wa samaki katika Tanganyika ulijaribiwa kwanza mwaka 1949, huko Korogwe na Malya. Ilipofika mwaka 1968 mabwawa yalikadiriwa kufika 8,000, lakini mengi yalikuwa madogo na yalitoa samaki haba, kwa kukosa matunzo mema. Kuchimba kulikuwa kazi ya juma moja. Kutunza ni kazi ya kila siku. Ndivyo ilivyo na tangi la uani. Atakayelitazama asubuhi na jioni, akapima chakula chake na kuona jinsi samaki wanavyopumua, huyo atakula mchicha na samaki mwezi wa Agosti, wakati bustani za jirani ni vumbi tupu.

Maswali
1. Amonia hutoka wapi, nayo hugeuka kuwa nini?
2. Kwa nini kokoto hupimwa kwa siki au ndimu?
3. Mtu mwenye mita za mraba 2 za mboga ahitaji chakula cha samaki gramu ngapi kwa siku, kwa wingi?
4. Kwa nini samaki wa tangini wasimwagwe mtoni?