Ukitaka kambare mkubwa Babati, mwache kwanza azae

Mgeni akisikia Ziwa Babati, la kwanza kuuliza ni viboko. Ni haki yake, maana wanyama hao wanaishi jirani kabisa na mji, na usiku hutoka majini kwenda kula majani ufukweni. Lakini mkalishe mvuvi wa mtumbwi kijiweni, umwache aongee apendavyo, na baada ya muda mfupi atakuwa ameshafika kwa kambare.

Perege ni kitoweo cha kila siku. Hunaswa kwa nyavu na kuuzwa kwa mafungu. Kambare mkubwa ni wa mshipi, na humpata aliyekubali kukesha.

Mchana hujificha kwenye tope na chini ya mimea ya majini. Giza likiingia husogea kwenye maji mafupi kuwinda. Hategemei sana macho. Ana sharubu nane kuzunguka mdomo, na hizo ndizo zinazopapasa na kuonja. Kwa hiyo chambo chake si lazima king'ae, ila lazima kinuke. Utumbo wa kuku, nyungunyungu, kipande cha samaki kilichoanza kuvunda, vyote vinafaa. Wavuvi wa Kanda ya Ziwa hutumia hata kipande cha sabuni ya mche.

Chambo kikishavalishwa kwenye ndoana nene, chubwi hukishusha hadi chini, na mvuvi hubaki ameushika mshipi kwa vidole. Kambare hugusa, huacha, kisha hurudi. Mwenye pupa huvuta hapohapo na kuambulia ndoana tupu. Mzoefu humwachia uzi mpaka uanze kwenda wenyewe kwa mwendo mmoja, ndipo anakaza. Hapo zinaanza mbio, na kwenye maji yenye viboko mvuvi anapaswa kuwa na jicho moja kwa samaki na jingine kwa giza lililo nyuma yake.

Kumtoa majini nako kuna ufundi wake. Kambare hana magamba, mwili wake ni ute mtupu, na kila pezi la ubavuni lina mwiba mgumu unaoweza kuchana kiganja. Hushikwa nyuma ya kichwa, vidole vikiwa vimeizuia miiba hiyo. Nyumbani, ute huo huondolewa kwa majivu kabla kisu hakijapita. Wapo wasiomgusa kabisa, kwa mfano Wasabato, kwa kuwa hana magamba. Wanaomla watakuambia mchuzi wake hauna mpinzani mbele ya ugali.

Kambare wa aina hii, ambaye wataalamu humwita Clarias gariepinus, anaweza kupita mita moja na nusu na kufikia kilo 60. Wa kimo hicho ni nadra popote pale, na hawezi kupatikana kama hakuachwa aishi miaka. Hapo ndipo penye shida.

Kambare huzaa mvua zinapoanza na maji kupanda kwenye nyasi za kingoni. Jike hutaga usiku, mayai yakanata kwenye majani yaliyofunikwa na maji, na kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili vifaranga huwa vimetoka. Wazazi hawalindi chochote. Ulinzi wote ni zile nyasi. Maji hayohayo yakizidi huwa balaa kwa binadamu, na watu wazima wa Babati hawajasahau mafuriko ya mwaka 1990, ziwa lilipofurika na kuingia mjini. Tunalima hadi ukingoni ili kupata mboga, na udongo wa miteremko unashuka kulijaza ziwa ambalo tangu awali halina kina kirefu. Shamba linalofika majini linamnyima kambare mahali pa kutagia, na mji nao unakosa kinga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa zibaki bila shughuli za kudumu za binadamu. Ikifuatwa, samaki na wakazi watanufaika pamoja.

Upande wa nyavu, kosa linajulikana. Kokoro na nyavu za matundu madogo huzoa hata vifaranga. Kwa sangara wa Ziwa Victoria, nchi zetu ziliweka kipimo cha sentimita 50 hadi 85, ili mdogo akue na mzazi mkubwa aendelee kutaga. Ziwa dogo kama letu linahitaji nidhamu hiyo zaidi, kwa kuwa likiishiwa halina pa kuazima.

Faida ya kumwacha samaki mkubwa imeonekana kwingine. Amerika Kaskazini kuna samaki mla wenzake aitwaye muskellunge, mwenye meno makali, anayejificha kwenye majani akivizia. Wavuvi wake husema hupatikana baada ya kurusha ndoana mara elfu kumi. Wengi wakimpata humpima, humpiga picha na kumrudisha majini. Mji mdogo wa Hayward, jimboni Wisconsin, umemjengea sanamu ndefu kuliko mabasi matatu, na wageni hupanda hadi mdomoni mwake. Samaki aliye hai amekuwa mtaji wa mji.

Babati ipo njiani kuelekea Tarangire na michoro ya mapangoni ya Kondoa. Mgeni anayelala hapa angeweza kulipia usiku mmoja wa mshipi, akiwa na mvuvi mwenyeji anayejua viboko walipo. Lakini ili biashara hiyo ianze, lazima samaki wakubwa wawepo.

Hatua ya kwanza haihitaji bajeti. Kambare ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa, hivyo anaweza kukaa nje ya maji kwa muda na akirudishwa akaendelea kuishi. Mvuvi wa Babati, mvua za kwanza zikinyesha ukamnasa jike mwenye tumbo la mayai, mtoe ndoana na umrudishe.