Undugu wa Waliookoka ulisimama juu ya nini?

Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la Kikristo lililochipuka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, hukumbukwa zaidi kwa nyimbo na toba za hadharani. Lakini tunda lake kubwa lilikuwa watu wa makabila na rangi mbalimbali kuishi kama watoto wa tumbo moja. Kwa nini mapendo yale yalidumu hata machozi ya mikutano yalipokauka?

Kwanza, yalijengwa juu ya kuambiana ukweli. Pale Gahini, Yosiya Kinuka, kiongozi wa wahudumu wa hospitali, hakuwa na amani na kazi wala na daktari wake, Mwingereza Joe Church. Alipokwenda Kampala kuzungumza na Simeoni Nsibambi, mmoja wa waanzilishi wa Uamsho, Nsibambi alimrudisha kwenye dhambi iliyokuwa moyoni mwake mwenyewe. Kinuka alitubu, na baadaye yeye na Church wakahubiri pamoja. Wamisionari nao walijifunza kuungama makosa yao, hata kiburi cha rangi, mbele ya Waafrika. Katika utawala wa kikoloni, hilo lilikuwa jambo zito. Huwezi kuendelea kumtazama kwa dharau mtu uliyemwomba msamaha mbele ya wenzake.

Pili, ushirika ulibeba mizigo ya ukoo. Aliyeokoka na kukataa pombe na matambiko mara nyingi alijikuta pembeni ya jamaa zake. Nani angekwenda kumposea? Nani angekaa naye msibani? Ndugu katika Kristo walishika nafasi hiyo: walishughulikia posa na mahari, wakazika, wakawatazama wajane, wakampokea msafiri ambaye hawakuwahi kumwona. Wazo hilo lina mizizi katika Agano Jipya. Paulo alimwomba Filemoni ampokee Onesimo kama ndugu mpendwa, si kama mtumwa tena, na deni lolote la Onesimo akataka liandikwe kwake. Kwa Paulo, kumwita mtu ndugu kulimaanisha pia kuwa tayari kumlipia.

Kisha ulikuja mtihani wa undugu huo. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwaka 1952, waumini wengi wa Uamsho miongoni mwa Wakikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau. Wengi wao walikataa pia kubeba silaha za serikali, kwa kuwa wasingeweza kumuua mtu ambaye Kristo alimfia. Baadhi waliuawa. Nchini Uganda, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa na utawala wa Idi Amin Februari 1977, Festo Kivengere, askofu wa Kigezi aliyelelewa na Uamsho, alikimbilia uhamishoni. Huko akafundisha kwamba hata Idi Amin alipaswa kusamehewa.

Tusiipambe historia hii kupita kiasi. Kuna mahali ambapo kuungama kuligeuka shinikizo, na yule ambaye ushuhuda wake haukufanana na wa wengine akahesabiwa kuwa bado hajaokoka. Na katika Rwanda ileile, katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 Wakristo waliwaua Wakristo wenzao, baadhi ya waliouawa wakiwa wamejificha ndani ya makanisa. Wapo waliokufa wakiwaficha majirani, lakini jeraha lile linatufundisha kwamba kuimba pamoja hakutoshi. Undugu ambao haujathubutu kuzungumzia ukabila waziwazi hauna kinga siku ukabila unapoinuka.

Makanisa yetu ya mijini leo yana waumini wengi wanaoketi benchi moja miaka mingi bila kujua nani amefukuzwa kazi na nani ameshindwa ada ya mtoto. Hawahitaji mahubiri mengine juu ya upendo kabla ya kurudisha vikundi vidogo vya kujuana: watu wachache wanaokutana kila wiki, wanaosameheana kwa kutaja kosa lenyewe, na wanaokubali kudaiana. Mapendo hukua mahali ambapo mtu anaweza kumgongea mwenzake mlango usiku wa manane bila kuona haya.