Jua la Baharini: Namna Wavuvi wa Dar es Salaam Wanavyoweza Kulinda Ngozi na Macho

Dar es Salaam. Mvuvi anayetoka Kunduchi, Mbweni, Msasani, Mtoni Kijichi au Kigamboni huangalia mambo kadhaa kabla ya kusukuma chombo majini: upepo, maji kupwa na kujaa, hali ya mitego na nyavu, mafuta ya injini pamoja na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Jua ni nadra kuwamo katika orodha hiyo. Hata hivyo, ndilo linalomwangukia mfululizo tangu asubuhi hadi anaporudi pwani, na madhara yake hujengeka polepole kwa miaka mingi bila maumivu ya kumwonya.

Madhara hayo hayawapati watu wote kwa kiwango kimoja. Kwa mvuvi mwenye ngozi nyeusi, hatari kubwa zaidi iko kwenye macho, midomo na joto la mwili. Kwa mtu mwenye ualbino anayevua, anayechokoa pweza au anayeuza samaki ufukweni, jua lisilo na kinga linaweza kusababisha saratani ya ngozi katika umri mdogo. Kwa sababu hiyo kinga ni suala la uhai na kipato cha familia kabla ya kuwa suala la urembo.

Kwa nini jua la pwani hii ni kali

Jiji la Dar es Salaam liko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Kutokana na nafasi hiyo, jua hupita juu kabisa ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Hata katika Juni, jua linapokuwa limeelekea kaskazini zaidi, adhuhuri yake bado huwa juu angani kwa takribani nyuzi 60.

Mionzi inayodhuru ngozi ni ile ya urujuanimno, ambayo haionekani kwa macho na haileti hisia ya joto. Shirika la Afya Duniani (WHO) hupima ukali wake kwa kipimo kinachoanzia sifuri. Kuanzia 3, mtu hushauriwa kujikinga. Kati ya 8 na 10 ukali huhesabiwa kuwa wa juu sana. Na kuanzia 11 huhesabiwa kuwa wa kupindukia. Katika ukanda wa tropiki kama huu, kiwango cha 11 na zaidi ni cha kawaida wakati wa adhuhuri katika siku za anga safi, hasa msimu wa kaskazi.

Saa za hatari zaidi ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri. Kwa Dar es Salaam, jua hufika kilele chake si saa 6 kamili bali kidogo baadaye, mara nyingi karibu saa 6:20 mchana. Asiyekuwa na saa anaweza kutumia kivuli chake: kivuli kikiwa kifupi kuliko kimo cha mtu, mionzi ni mikali na kinga inahitajika.

Upepo na mawingu hudanganya. Upepo wa kusi hupoza ngozi, na mvuvi hudhani jua limepungua, ilhali mionzi haijapungua. Mawingu mepesi nayo, kwa mujibu wa WHO, yanaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo. Mtu anaweza kurudi nyumbani na ngozi iliyoungua baada ya siku ambayo hakuona jua wazi hata kidogo.

Maji hayazuii mionzi

Imani kwamba aliye majini amesalimika si sahihi. Katika kina cha nusu mita, ukali wa mionzi bado ni takribani asilimia 40 ya ule wa juu ya maji. Anayevuta wavu akiwa maji ya kiunoni, au anayezamia bila vazi la mikono mirefu, bado anapigwa na jua. Zaidi ya hapo, povu la bahari huakisi karibu robo ya mionzi, na mchanga mkavu wa ufukweni karibu asilimia 15. Kwa hiyo kofia pekee haitoshi, kwa kuwa sehemu ya mionzi hutoka chini na kupiga kidevu, pua na macho.

Kundi linalostahili kuangaliwa kwa makini ni wanaochokoa pweza na kuokota kombe kwenye miamba. Kazi yao hutegemea maji makavu ya bamvua, na katika pwani hii maji ya bamvua hupwa sana mnamo saa 4 hadi saa 5 asubuhi. Maana yake ni kwamba siku bora za kazi huwaweka mwambani, wakiwa wameinama na shingo wazi, jua linapokuwa linaelekea kilele. Anayevua dagaa usiku kwa taa ana unafuu wa jua, lakini wanaowaanika na kuwageuza dagaa hao mchana kutwa ufukweni hawana unafuu huo, na wanaokaanga samaki huongezewa joto la moto.

Nani yuko katika hatari kubwa zaidi

Weusi wa ngozi hutokana na melanini, ambayo ni kinga ya asili. Kinga hiyo hupunguza sana uwezekano wa saratani ya ngozi itokanayo na jua, lakini haizuii kila kitu. Ngozi nyeusi huungua pia, hupata madoa na kuzeeka mapema, na midomo hupasuka. Macho hayana kinga hiyo ya ngozi: jua la miaka mingi huchangia mtoto wa jicho na nyama inayoota kwenye weupe wa jicho kuelekea mboni, hali inayoonekana sana kwa watu wanaofanya kazi juani, kwenye upepo na vumbi.

Watu wenye ualbino huzaliwa na melanini kidogo sana au wasiwe nayo kabisa katika ngozi, nywele na macho. Utafiti wa Dkt. Luande na wenzake uliochapishwa mwaka 1985, uliohusisha watu 350 wenye ualbino waliokuwa Dar es Salaam, ulionyesha kuwa uharibifu wa ngozi huanza utotoni na kuongezeka kadiri umri unavyosonga. Saratani hizo hutokea zaidi kichwani, usoni, masikioni na shingoni, yaani sehemu zinazobaki wazi. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya madhara hayo inazuilika kinga ikianza mapema, na kidonda kikitibiwa kingali kidogo, matibabu huwa mepesi.

Kundi la tatu ni watumiaji wa mkorogo. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni, ambavyo vimepigwa marufuku nchini, hupunguza melanini na kumwondolea mtu kinga aliyozaliwa nayo. Mfanyabiashara wa samaki anayejichubua kisha akashinda juani hujiongezea hatari mara mbili.

Wapo pia wanaotumia dawa zinazoifanya ngozi kuungua upesi. Miongoni mwake ni doksisaiklini, kotrimoksazoli na baadhi ya dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo. Mgonjwa hapaswi kuacha dawa kwa sababu hiyo; anachotakiwa ni kumweleza mtoa huduma kwamba kazi yake ni ya juani na kuongeza kinga.

Nguo kwanza, losheni baadaye

Kinga bora kwa mvuvi ni ile isiyooshwa na maji wala kuisha, yaani nguo. Shati au fulana ya mikono mirefu, suruali ndefu na kitambaa cha kufunika shingo hulinda eneo kubwa kwa gharama ndogo. Kitambaa kilichofumwa kwa kubana na chenye rangi iliyokolea huzuia mionzi vizuri kuliko chepesi cheupe. Fulana nyeupe nyembamba ya pamba ikilowa hupitisha mionzi mingi zaidi kuliko ikiwa kavu, ilhali jezi ya mikono mirefu ya nailoni au poliesta hukauka haraka na kuendelea kulinda. Nguo za aina hiyo hupatikana kwa bei nafuu katika masoko ya mitumba kama Tandika na Karume. Kipimo rahisi ni kuinua nguo kuelekea kwenye mwanga: ikionyesha mwanga mwingi, itapitisha pia mionzi mingi.

Kofia ya michezo yenye kikapeo mbele huacha masikio na shingo wazi. Kofia ya pama au ya ukili yenye ukingo mpana pande zote inafaa zaidi, ikifungwa kamba chini ya kidevu ili isichukuliwe na upepo. Ukindu uliosukwa kwa kubana hulinda kuliko uliosukwa kwa nafasi. Wanawake wanaochokoa pweza au kuanika dagaa wanaweza kuvaa kofia hiyo juu ya mtandio au kanga, kwa kuwa kanga pekee hufunika kichwa bila kuweka kivuli usoni.

Miwani ya jua inayofaa ni iliyoandikwa kuwa inazuia mionzi ya urujuanimno kwa asilimia 100 au yenye alama ya UV400. Kioo cheusi kisicho na kinga hiyo kinaweza kudhuru zaidi, kwa sababu giza lake hupanua mboni na kuruhusu mionzi kuingia ndani.

Losheni ya kujikinga na jua ni nyongeza kwa sehemu zisizofunikwa: uso, masikio, shingo, migongo ya mikono na nyayo kwa upande wa juu. Inashauriwa iwe na kiwango cha SPF 30 au zaidi na iwe ya kustahimili maji. Hupakwa kabla ya kutoka, kwa wingi wa kutosha kufunika ngozi yote iliyo wazi, kisha hurudiwa kila baada ya saa mbili na kila mtu anapotoka majini au kujifuta jasho. Mafuta ya nazi hulainisha ngozi iliyokaushwa na chumvi, lakini si mbadala wa losheni hiyo. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mnunuzi anapaswa kuangalia tarehe ya mwisho wa matumizi na kuepuka chupa zilizoachwa juani dukani.

Kwa watu wenye ualbino, ipo losheni iliyobuniwa nchini. Losheni ya Kilisun hutengenezwa Moshi katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko Hospitali ya Rufaa ya KCMC, kwa kuzingatia mahitaji ya ngozi zao, na hutolewa kwao bila malipo kupitia kliniki na wadau. Anayehitaji maelekezo anaweza kuulizia katika kituo cha afya kilicho karibu au kupitia Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania.

Kupanga kazi na kivuli

Pale ratiba inaporuhusu, kazi ambazo hazilazimiki kufanywa juani zihamishiwe kivulini au nje ya saa za ukali. Kushona nyavu, kutengeneza madema, kupara na kupima samaki ni kazi za chini ya banda au mti. Ndani ya chombo, turubai dogo au kivuli cha tanga kinaweza kutumiwa kwa zamu na wale wasioshika usukani. Vikundi vya Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi (BMU) viko katika nafasi nzuri ya kuhimiza ujenzi wa mabanda ya kivuli mahali pa kuanikia na kuuzia samaki.

Mmiliki wa chombo aliyeajiri mabaharia ana wajibu pia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inalinda haki ya ajira ya watu wenye ulemavu, wakiwamo wenye ualbino. Kumpa baharia mwenye ualbino nguo na zamu zinazomwepusha na jua la mchana ni njia ya kumbakiza kazini. Kumwondoa kazini si kinga.

Maji ya kunywa yasisahauliwe. Mtu anayepata kizunguzungu, kichefuchefu, maumivu makali ya kichwa au kuchanganyikiwa akiwa juani ahamishiwe kivulini, apozwe kwa maji na kufikishwa kituo cha afya haraka.

Dalili zinazohitaji uchunguzi

Mwananchi anashauriwa kwenda kituo cha afya akiona mojawapo ya dalili hizi:

- Kidonda kisichopona kwa wiki nne au zaidi, hasa usoni, masikioni, mdomoni au shingoni.
- Doa gumu lenye magamba linalorudi kila linapobanduka.
- Uvimbe unaokua au kutoa damu kwa urahisi.
- Doa jeusi linalobadilika ukubwa au umbo, likiwamo la kwenye wayo au chini ya kucha. Hili huwapata pia wenye ngozi nyeusi na halitokani na jua, hivyo kutoshinda juani si sababu ya kulipuuza.
- Nyama au uvimbe kwenye weupe wa jicho, au kuona ukungu.

Uchunguzi wa awali hufanyika katika zahanati na vituo vya afya, na mwenye kuhitaji huduma zaidi hupewa rufaa kwenda hospitali za rufaa za mkoa za Mwananyamala na Temeke, Hospitali ya Taifa Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Kidonda kisipakwe dawa ya kubahatisha kwa miezi mingi kabla ya kuchunguzwa, kwa kuwa muda unaopotea ndio unaofanya tatizo dogo kuwa kubwa.

Kwa mzazi wa mtoto mwenye ualbino anayeishi pwani, nguo ya mikono mirefu na kofia pana zianze tangu mtoto anapoanza kutoka nje, iwe anakwenda shule, dukani au kupokea samaki ufukweni. Jua analoepushwa nalo leo ndilo kidonda atakachoepukana nacho akiwa mtu mzima.