Bibi ni daftari la afya ya ukoo



Familia nyingi zilizokimbia vita zilifika bila karatasi. Kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa vilibaki nyumbani au vilipotea njiani. Lakini katika nyumba nyingi yupo mtu anayekumbuka: bibi. Ni hivyo kambini, na ni hivyo pia Kisugu, mtaa wa Kampala ambako wakimbizi huishi pamoja na wenyeji na hutibiwa katika kituo kimoja cha serikali, Kisugu Health Centre III.

Muuguzi akiuliza, "Katika ukoo wenu kuna mwenye ugonjwa huu?" kijana mara nyingi hana jibu. Bibi analo.

Umuulize bibi nini?

- Nani katika ukoo alikuwa na presha, kisukari, pumu au kifafa?
- Kuna watoto waliopungukiwa damu na kuumwa mifupa mara kwa mara, au waliofariki wakiwa wadogo?
- Wanawake wa ukoo walijifungua vipi? Kuna aliyetokwa na damu nyingi?
- Kuna dawa iliyomdhuru mtu wa nyumbani?

Kwa nini ni muhimu?

Chukua mfano wa ugonjwa wa selimundu. Mtoto huurithi kutoka kwa baba na mama. Wazazi wote wawili wanaweza kuwa wazima lakini wakawa wanabeba urithi huo. Hapo kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto mgonjwa. Uchunguzi uliofanyika Uganda mwaka 2014 na 2015 ulionyesha kuwa watoto wapatao 13 kati ya 100 wanabeba urithi huo. Wengine husema nyumba hiyo imerogwa. Bibi akieleza jinsi watoto wale walivyougua, daktari atajua kipimo cha damu cha kufanya. Kumbuka: maneno ya bibi huonyesha njia, lakini kipimo ndicho kinachothibitisha.

Umuulize vipi?

Kumbukumbu hizi zina majonzi. Huenda unamuuliza juu ya watoto aliowazika. Muulize faraghani, usimharakishe, na akinyamaza umwache. Andika anayosema katika daftari na ulitunze pamoja na kadi za kliniki.

Je, ushauri wake ukipingana na wa muuguzi?

Bibi akisema mtoto mwenye homa na kuhara ang'olewe "meno ya plastiki", usikubali, kwa maana kumchimba mtoto ufizi kunaweza kumletea maambukizo na kifo. Lakini usimdharau. Nenda naye kliniki, aulize na asikie mwenyewe. Akielewa, atawafundisha wengine.

Mwisho, heshima si maneno tu. Bibi asiwe wa mwisho kula. Mpeleke apimwe presha na macho. Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Basi tuwatunze wazee wetu, na tuwaulize wakiwa bado nasi.